Usiiache Skana ya Zamani Itangulie Kuondoka

Mwanangu, uliponipigia simu kutoka Kwa Vonza kuniuliza kama ubadilishe skana yako ya filamu, nilikuambia nitakuandikia. Nilikumbuka siku moja Emali, na siku hiyo bado inanichoma.

Nilikuwa msichana, nikimfanyia kazi Mzee Kilonzo, mpiga picha aliyenifundisha karibu kila ninachokijua. Alikuwa na skana ya mezani, kuukuu, yenye taa kwenye kifuniko. Taa hiyo ndiyo roho ya kazi. Karatasi hurudisha mwanga, lakini filamu ni lazima mwanga upite ndani yake.

Picha zetu zilikuwa zikitoka na ukungu kidogo. Nikalaza negativu, vile vipande vya filamu iliyokwisha kusafishwa, chini ya vitabu vya nyimbo vya kanisa hadi zikanyooka, nikazirudia, na ukungu ukapungua sana. Nikamwonyesha Mzee.

"Najua," akasema. "Filamu ikijikunja hailali vizuri kwa kioo. Lakini mteja haoni filamu, Ndinda. Anaona mashine. Ile ya jirani umeiona? Inang'aa kama sufuria ya bibi harusi."

Jirani wa ng'ambo ya barabara alikuwa amenunua skana mpya. Basi Mzee akampa mfanyabiashara mmoja skana yetu ya zamani, ili amletee mpya kutoka Nairobi. Mpya ikachelewa.

Ndipo akaja Mwikali, mama kutoka Mbumbuni. Mwanawe Musyoka alikuwa amefariki, na mazishi yalikuwa kesho yake. Picha yake ya pekee aliipiga Mzee mwenyewe, na negativu tulikuwa nayo, safi kabisa, ndani ya mkebe wa biskuti. Mama alitaka ikae mbele ya kijitabu cha mazishi.

"Nipe uso tu," akamwambia Mzee. "Hata ukiwa mdogo."

Nikavuka nayo barabara. Jirani akaiweka kwenye mashine yake, akafunga kifuniko. Ukatoka ukanda mweusi. Akarudia. Mweusi.

"Hii ni ya karatasi, dada," akasema. "Haina taa huko juu."

Hiyo ndiyo mashine tuliyoionea wivu. Na simu zetu enzi hizo zilikuwa za kupigia tu, hazina kamera.

Niliporudi mikono mitupu, Mwikali aliichukua negativu akaiinua dirishani. Unajua negativu inavyogeuza mambo: meno huwa meusi, nywele huwa nyeupe.

"Ana mvi," akasema polepole. "Angalau hapa amezeeka."

Mzee Kilonzo alikuwa akifuta kaunta iliyokuwa safi tayari. "Pole, mwaitu," akasema. Mama yangu, kwa Kikamba.

Kijitabu kilichapwa na kisanduku kitupu juu ya jina la kijana. Skana mpya ilipofika, ilitoa ukungu uleule, mpaka nilipovirudisha vitabu vya nyimbo juu ya filamu. Mzee nilimpenda, na nilimzika kwa heshima. Lakini jambo hilo sijamsamehe, na sitakudanganya kwamba nimejaribu sana.

Kwa hiyo, mwanangu, nenda taratibu. Nyoosha filamu kwanza. Futa vumbi kwenye kioo, pande zote. Chukua negativu moja unayoijua vizuri, uijaribu kwenye skana yako, kisha uijaribu kwenye hiyo mpya kabla hujainunua. Jiulize picha zako zinakwenda wapi: kijitabu hakihitaji kile kinachohitajiwa na picha ya kujaza ukuta. Ukiona kweli mashine ndiyo inayokuangusha, nunua bila woga. Una jicho zuri, na kazi yako inastahili chombo kizuri. Ila ukiona unainunua ili jirani akutazame, acha. Na hata ukinunua, ile ya zamani isivuke mlango wako kabla mpya haijasoma filamu mbele ya macho yako.

Mungu aibariki mikono yako na hicho kiduka chako. Na asikuletee mama wa mtu siku ambayo huna taa.