Sarafu Iliyo Shingoni mwa Mama

Fundi saa alibakiza nafasi moja tu kwenye ubao wake wa sarafu, na chama cha wakusanyaji hakikubali mkusanyo wenye pengo kwenye maonyesho. Sarafu yenyewe, yenye tundu katikati, ilining'inia shingoni mwa mama yake tangu marehemu mumewe amvishe.

“Mama, niazime kwa siku moja tu.”

“Haivuliwi, mwanangu. Ukiitaka, tubebe wote wawili.”

Akawabeba. Mama akaketi kando ya ubao, wanachama wakapanga foleni na vioo vyao vya kukuzia, kila mmoja akimwamkia kabla ya kuinama. Mwenyekiti, mgane mwenye mvi, alikawia.

“Mzee, sarafu iko huku chini,” mama akamwambia. “Huko juu ni mimi.”

Fundi saa akajifanya anapangusa meza.