Ng'ombe wa Kutosha

Niliingia chuo cha ufundi kusomea upishi kwa sababu moja: kuikimbia hesabu. Katika mtihani wa kidato cha nne hesabu ilinipa E, na hata hiyo E nadhani ilitokana na huruma ya msahihishaji, kwa sababu nambari yangu ya mtihani niliiandika kwa mwandiko mzuri sana. Nikasema sawa, tuachane kwa amani. Sufuria haimuulizi mtu thamani ya x.

Wiki ya kwanza tu, pale Kericho, tukakuta ratiba imebandikwa ukutani. Jumanne saa mbili asubuhi: Hesabu Matumizi, wanafunzi wote wa upishi, ushonaji na ukarani. Wale wa umeme na ujenzi walikuwa na hesabu yao, ile yenye meno. Sisi tulipewa kibogoyo. Lakini hata kibogoyo huuma akikushika vizuri.

Mwalimu alikuwa mgeni kama sisi. Alikuwa amehamishwa muhula huo kutoka upande wa Nyeri, mtu mfupi mwenye sweta ya kijani na chaki hadi kwenye viwiko. Alipenda somo lake kama watu wengine wanavyopenda nyama. Jaribio la kwanza alilichapa kwa stensili, wino ukatupaka vidole rangi ya zambarau. Mimi nikapata kumi na moja kwa hamsini. Rafiki yangu wa ushonaji, tuliyekaa naye dawati moja, akapata kumi na nne, na kwa siku mbili nzima akatembea kama profesa.

Nyumbani, baba hakugombana nami. Alinunua kikapu kipya cha kuchumia chai, akanijaribisha mgongoni kama anayepima sare ya shule, kisha akakitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni.

"Ukipita, utaenda mazoezini kwenye hoteli, upike na kofia yako nyeupe," akasema. "Usipopita, kikapu kiko hapo. Hakina haraka."

Ili mtu aende mazoezini alihitaji alama arobaini kwa mia. Kumi na moja nilikuwa nazo. Zilibaki ishirini na tisa, na zote zingetoka kwenye kazi moja ya kufanyia nyumbani, yenye alama hamsini nyingine. Hiyo ndiyo hesabu ya kwanza maishani mwangu niliyoifanya bila kulazimishwa.

Jumanne moja kabla ya likizo fupi mwalimu akatupa kazi yenyewe. "Kila mtu achague nyumba kumi na mbili za jirani," akasema. "Andika ng'ombe wanaokamuliwa katika kila nyumba, na lita za maziwa ya asubuhi. Kila nyumba ni nukta moja kwenye grafu. Halafu pitisha mstari katikati ya nukta, tusikie unatuambia nini."

Darasa likanyamaza kabisa. Mwalimu akafurahi, akidhani tumeelewa.

Maskini, hakuna aliyemwambia. Kwetu watu na ng'ombe hawahesabiwi. Tunaenda kanisani, tunaimba sauti nne, lakini ukisimama kwenye boma la mtu ukaanza moja, mbili, tatu kwa kidole, utaondoka na mbwa nyuma yako. Kumtaja ng'ombe kwa idadi ni kuuonyesha ugonjwa njia ya kuja. Ukiuliza mtu ana ng'ombe wangapi, jibu ni moja tu kuanzia Bomet hadi Ndanai: "Wako wa kutosha."

"Mimi natunga," akaninong'oneza rafiki yangu. "Kila nyumba ng'ombe watano, lita ishirini. Nani atakuja kwetu Sotik kuangalia?"

"Basi nukta zako zote zitakaa mahali pamoja."

"Si ndiyo vizuri? Nitachora mara moja."

Mimi pia ningetunga, sitajifanya mtakatifu. Lakini mwalimu alikuwa ameshatuonya kwamba takwimu za kutunga hunuka, na alivyokuwa akinitazama mimi aliposema "hunuka", niliona ni heri ukweli.

Maziwa hayakunipa shida. Maziwa hayana siri. Kila asubuhi watu huyapeleka barabarani, karani wa maziwa hutumbukiza kijiti chake cha kupimia kwenye mkebe na kutangaza lita kwa sauti ya mchungaji. Nilisimama pale na daftari, na kabla jua halijatoka vizuri nilikuwa na lita za nyumba zote kumi na mbili, yetu ikiwemo.

Ng'ombe sasa. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mzee jirani, mpole, shemasi wa kanisa letu. Nikamuuliza moja kwa moja, kama mjinga.

"Ng'ombe?" akasema. "Wako wa kutosha. Umetumwa na nani, serikali?"

"Na mwalimu."

"Yeye ana wangapi?"

Nikarudi nyumbani na sifuri. Ndipo nikakumbuka kitu ambacho kila mtoto wa kwetu anakijua. Hakuna anayetaja idadi ya ng'ombe, lakini hakuna anayechoka kumsifu mmoja mmoja. Kesho yake nikarudi kwa mzee yule yule, mfuko wa kushoto wa sketi yangu una punje za mahindi, mfuko wa kulia mtupu.

"Wale ng'ombe wako hawajambo?" nikauliza.

Mzee akavuta kigoda. Akaanza na yule mweusi aliyeikataa sindano ya serikali mara mbili. Punje moja ikahama mfuko. Akafuata mwekundu mwenye pembe iliyopinda, aliyetoka kwa shemeji akiwa na kikohozi. Punje ya pili. Akamaliza na binti wa mwekundu, ambaye kwa maelezo yake ana akili kuliko katibu wa kanisa. Punje ya tatu. Nikaaga kwa adabu. Hajataja nambari, sijataja nambari, na nambari ilikuwa mfukoni inanikwaruza paja.

Kwa siku mbili nilipita hivyo nyumba hadi nyumba. Nilikunywa chai hadi nikawa nasikia mawimbi tumboni. Kila nilipotoka nyumba moja nikafika kwetu, nilizifunga punje zake kwenye leso kuukuu, fundo moja nyumba moja, kwa mpangilio wa barabara. Mafundo kumi na moja. La kwetu sikulifunga, nani asiyewajua ng'ombe wa kwao? Leso nikaificha nyuma ya mitungi ya maziwa jikoni kwa kogo, nyanya yangu mzaa baba, ambaye ng'ombe wote wa nyumbani ni wake na sisi wengine ni wapangaji tu.

Jumapili tulipotoka kanisani, kogo akapakua nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, sahani imejaa. Nikala. Nikaongeza. Katikati ya kuongeza nikaiona leso yangu imeanikwa juu ya ua, safi, imenyooshwa.

"Kogo, ile leso ilikuwa na mahindi."

"Najua. Nimeyakuta yamefungwa mafundo mafundo kama dawa ya mganga, ndani ya jikoni yangu." Akaendelea kutafuna. "Nikasema, kama ni uchawi tutauchemsha. Kumbe ni mahindi tu. Matamu."

Nilitazama sahani yangu. Nilikuwa nimekula karibu kijiji kizima, na sehemu ya shemasi.

Kesho yake ilikuwa ya kurudi chuoni. Nilikaa pale nikitazama kikapu kwenye msumari, nacho kinanitazama. Sikuwa na ujanja uliobaki, nikamwambia kogo yote: mwalimu, nukta, mstari, punje, alama ishirini na tisa. Nilitarajia ugomvi, na ugomvi ulikuja.

"Umewahesabu ng'ombe za watu?"

"Sijawahesabu. Nilihamisha mahindi."

"Mhubiri alituambia habari za mfalme wa zamani aliyewahesabu watu wake, tauni ikaingia."

"Yule alitumia wanajeshi, kogo. Mimi nilitumia mahindi."

Akachokonoa meno. Akakitazama kikapu na yeye. Kogo alichuma chai tangu msichana hadi mgongo ulipokataa, na sidhani alihitaji kuambiwa kikapu kile kina uzito gani kikiwa kitupu. Mwishowe akanyoosha mkono, akasogeza bakuli la maharagwe mabichi mbele yangu.

"Mimi nimezeeka, naongea tu," akasema. "Leo nataka kuongea habari za ng'ombe za barabara yote hii. Wewe chambua maharagwe. Sikutazami."

Akageukia ukutani kweli. Akaanza kwa shemasi: mweusi, mwekundu wa pembe, binti wa mwekundu. Maharagwe yakaanguka sahanini, tu, tu, tu. Akapita nyumba ya pili, ya tatu, akijua nani anakaribia kukauka maziwa, nani anapiga teke ndoo, nani alizaliwa siku ya harusi ya fulani akavuruga harusi. Kila alipomaliza nyumba alikohoa mara moja, nami nikaandika haraka. Nyumba kumi na moja hakukosea hata moja. Zile nilizokumbuka zililingana zote. Kisha akafika kwetu.

Akamtaja mwekundu. Akamtaja yule wa kiraka jichoni, yule mvivu, na mama wa mvivu. Akakohoa.

Nilisubiri. Alikuwa amemruka yule mweupe, kipenzi chake, anayetoa lita saba kila asubuhi bila kubembelezwa.

"Kogo, umemsahau..."

"Sijasahau," akauambia ukuta. "Andika ulivyosikia."

Nikaandika nne. Ng'ombe mmoja, nikawaza, kati ya nyumba kumi na mbili. Nani atajua?

Jumanne mwalimu akatuita mbele mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa rafiki yangu wa ushonaji, na grafu yake yenye nukta moja, nene kama kifungo cha koti.

"Nyumba nyingine kumi na moja ziko wapi?"

"Ziko chini yake, mwalimu."

Akapewa sita.

Yangu mwalimu aliitandaza mezani, akachukua rula. Nukta zilipanda kutoka kushoto kwenda kulia kama watu wanaokwenda kanisani. Ng'ombe wawili, lita kumi na moja. Watatu, kumi na nne. Watano, ishirini na sita. Akavuta mstari, ukapita katikati yao bila shida, na uso wake ukang'aa. "Kila ng'ombe karibu lita tano," akasema polepole. "Unaona? Hukuniambia, mstari umeniambia."

Kisha kalamu nyekundu ikasimama. Juu kabisa ya mstari, peke yake, ilining'inia nukta moja, akaizungushia duara.

"Hapa. Ng'ombe wanne, lita ishirini na saba. Wanne wanatoa ishirini." Akainua macho. "Lita saba zimetoka wapi?"

Saba. Alisema saba yenyewe. Nilihisi kama mwanamume huyu mfupi kutoka Nyeri ameingia bomani kwetu akamshika yule mweupe kwa pembe. Ningesema tu "nilikosea, ni watano" angefuta duara na kunipa alama zangu. Ni neno moja. Nikakiona kikapu. Nikamwona na kogo, amegeukia ukuta.

"Mwalimu, hiyo nyumba ni ya kwetu," nikasema.

"Basi unawajua. Wako wangapi?"

"Wako wa kutosha."

Darasa zima likaangua kicheko, upishi, ushonaji, hata wale wa ukarani ambao hucheka kwa ratiba. Mwalimu akawatazama, akanitazama, na nikaona kitu kinamwingia taratibu. Akavuta kiti, akaketi.

"Ng'ombe wa zile nyumba nyingine kumi na moja uliwapataje, kama wote ni wa kutosha?"

Nikamweleza mahindi. Nikamweleza nyoyo. Nikamweleza maharagwe na kikohozi. Alivua miwani akaifuta kwa sweta, chaki ikazidi.

"Msichana," akasema, "watu walihesabu hivyo kabla nambari hazijapewa majina." Akaandika thelathini na moja, akafikiri, akaikata. Akaandika thelathini. "Moja ni ya huyo aliyejificha. Mwambie nimemwona."

Ijumaa nilifika nyumbani nikakuta baba ameshakishusha kikapu, kinamning'inia mkononi, anasubiri kusikia. Nikamwambia nimepita. Akakirudisha kwenye msumari. Alisema kitafaa kuwekea vitunguu.

Kogo alikuwa bomani anamkamua mweupe, kichwa amekiegemeza ubavuni mwake. Hakugeuka.

"Umepita?"

"Nimepita, kogo."

"Alama ngapi?"

Nikachukua kigoda nikakaa karibu na ndoo.

"Za kutosha," nikasema.