Injini Iliyopashwa Kabla Sijafika

Niliweka kiganja juu ya injini ambayo, kwa kiapo cha dalali, haikuwa imewashwa kwa wiki tatu. Nusura niungue.

Ilikuwa saa mbili asubuhi gatini Anacortes, mji wa pwani huko Marekani, mwezi wa Septemba, ukungu ungali umelala juu ya maji.

"Bwana Kessler," nikamwita dalali, "injini yako ina homa?"

"Ni jua tu, Bi. Tveit."

Jua! Chini ya sitaha, ndani ya ukungu ule!

Yeyote aliyewahi kununua boti kuukuu anajua kwamba injini ya dizeli hukaguliwa ikiwa baridi. Kama ni mgonjwa, hapo ndipo inapokohoa moshi mweupe. Ukishaipasha, inajifanya nzima. Anayeipasha kabla mnunuzi hajafika ni tapeli, nami nilikuwa tayari kumwambia hivyo bila kumung'unya maneno.

Mume wangu Lyle na mimi tulikuwa tumeuza nyumba yetu ya Yakima. Zilibaki siku kumi na moja tukabidhi funguo. Boti tutakayonunua ndiyo ingekuwa kitanda, jiko na paa letu.

Tulikwisha kutazama kumi na tatu. Moja ilinuka ngama, yale maji machafu ya tumboni mwa boti, hadi kwenye mito ya kulalia. Nyingine, sitaha yake ya mtiki ilibonyea chini ya kisigino kama mkate uliolowa.

"Ina haiba," kila mwenye boti alituambia.

Haiba ndilo jina wanaloupa uozo.

Hii ya kumi na nne Lyle aliipendea vanishi. Mtu mzima wa miaka sitini na minne, anapapasa mbao kama anabembeleza farasi!

Mkaguzi wetu, mzee Niskanen, akarudisha nyundo yake ya plastiki mkobani. "Mimi sikagui injini iliyopikwa. Kesho, ikiwa baridi."

"Kesho kuna mnunuzi mwingine," Kessler akasema.

"Basi umpashie na yeye!" nikamjibu. "Huna haya? Unauza makazi ya watu kama samaki wa juzi!"

Kessler hakukasirika. Alichekea puani.

"Mama, usinitukane mimi peke yangu. Muulize mumeo nani alikuja kuniomba ufunguo saa kumi na mbili asubuhi."

Nikageuka.

Lyle alikuwa amekumbatia boksi la donati, zile alizodai kuzifuata mjini kwa saa nzima na nusu.

"Lyle?"

"Doreen, mpenzi, ni kamoshi kadogo tu. Kessler aliniambia juzi. Nilijua ukikaona utaikataa."

"Kwa hiyo ukaniwahi."

"Nilitaka tuipate."

"Tuipate nani na nani?"

Akafikiri. Kisha akaninyooshea boksi.

"Chukua moja basi."

Kesho yake injini iliwashwa ikiwa baridi. Moshi ulifunika boti tatu za jirani. Niskanen aliandika neno moja kwenye daftari lake: Hapana.

Siku hiyohiyo nilirudi na Niskanen, bila Lyle, kwenye boti ya tisa, ile ambayo Lyle aliiita chura. Kijani kibaya, mapazia ya kuchekesha, vanishi haina hata tone. Injini baridi ilishika mara ya kwanza bila moshi. Nyundo ya Niskanen ililia kavu, mlio wa boti isiyooza, kutoka omo ya mbele hadi tezi ya nyuma.

Hati ilipoletwa, Lyle akatoa kalamu.

"Rudisha mfukoni," nikamwambia. "Hapa anaandika mtu mmoja."

Jina lililo kwenye hati ni langu pekee. Lyle analala humo kama mgeni, na mgeni hana funguo.

Wasomaji wangu, orodha za kukagulia boti zinataja mkuku ulio chini ya boti, matangi na nyaya. Hazimtaji mtu utakayelala naye humo. Anayekuficha ubovu wa paa lenu analipenda paa kuliko wewe. Mwogope huyo kuliko uozo, maana uozo haukuiti mpenzi.