Kilio cha Jenereta

Juzi niliona wageni wameegesha gari la kulala ndani kando ya ziwa, nikaona haya upya. Nilipokuwa mdogo, mzungu na mkewe walileta gari kama hilo kwenye gereji ya baba huko mtaani Kondele. Baba alichungulia ndani, harufu ya dizeli ikamvaa, akasema, kwa mazoea yake ya kuita mashine kama watu, "Jenereta amekufa."

Nilidhani Jenereta ni mtoto wao. Nikakimbia kumwambia mama, naye akaja na majirani wakilia, mikono kichwani.

"Mama Atieno, mnamlilia nani?" baba aliuliza.

Mama akanigeukia, uso ukaniwaka. Lakini yule mwanamke mgeni alimkumbatia mama, akaanza kulia kwelikweli. Leo nafikiri alikuwa amechoka kukaa mbali na kwao.

Jenereta iliponguruma tena walikuwa bado wameshikana, nami nimejificha nyuma ya matairi.