Mikono Mfukoni Mbele ya Mbwa

Habari za kifo cha mzee, jirani yangu hapa Alupe karibu na mpaka, zilinikuta asubuhi, sufuria ya chakula cha mbwa ikiwa mkononi. Mkewe alinipigia simu kutoka hospitali akasema mzee ameanguka bafuni na hakuamka tena. Wasomaji wangu mtanisamehe. Nilipaswa kulia, lakini kilichonishika kwanza kilikuwa woga. Nilitazama kibanda nyuma ya nyumba, ambako mbwa wetu alikuwa akikwaruza mlango kwa njaa, nikajiuliza ni nani sasa atakayemfungulia. Kazi ile alikuwa akiifanya marehemu kila asubuhi, nami nilikuwa nikitazama kutoka dirishani.

Naogopa mbwa tangu utotoni, siku nilipokimbizwa na kuumwa kwenye njia ya Nangina; hadi leo nina kovu mguuni. Lakini wezi walipoingia kwetu wakaondoka na pikipiki, mke wangu, akiwaza usalama wa binti yetu, alivuka mpaka akarudi na mtoto wa mbwa aina ya German shepherd, jike, masikio bado yamelala. Majirani wakatupa ushauri ambao kila mwenye mbwa huku anaujua: afungiwe mchana kutwa, asizoeane na mtu, ugali wake utiwe pilipili, ndipo awe mkali. Tukafuata. Mtoto yule akakulia gizani, na kila nilipopita karibu na kibanda alinguruma, nami nikageuza njia.

Marehemu alikuwa amestaafu kazi ya kupitisha mizigo ya malori pale Malaba, mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa, aliyefuga mbwa maisha yake yote. Siku moja alikuja kunywa chai, akasikia kilio, akaenda kufungua kibanda bila kuniuliza. Mbwa alijikunyata pembeni akajikojolea.

"Nani amewafundisha hii?" akauliza.

"Kila mtu, mzee."

"Basi kila mtu amekosea. Mwandishi, huyu si mkali, huyu anaogopa tu. Mwache hivi, siku moja atakuja kuuma binti yako, na wewe utasema ni mbwa mbaya."

Maneno yale yalininyima usingizi. Tangu siku hiyo alikuja kila asubuhi na omena kavu, wale dagaa wa ziwani, mfukoni. Alituma watu langoni wapige hodi: muuza maziwa, akina mama wa jumuiya ya kanisani, hata mimi. Mbwa akisikia hodi akakaa chini, alipewa omena. Akiruka, marehemu alimpa mgongo na kunyamaza. Hakubeba fimbo wala hakupaza sauti. Alisimama tu, mikono mfukoni, nami nikadhani nimemwona mtu asiyejua woga ni nini.

Kisha siku moja mbwa, ambaye sasa alikuwa mkubwa kweli, alimtolea meno kwa sababu ya mfupa aliokuwa nao mdomoni. Marehemu hakusogea. Alingoja, akasema "acha" kwa sauti ileile ya kuomba chumvi mezani, akangoja tena, mpaka mfupa ukadondoka. Akampa omena. Halafu alikuja akaketi kwenye ngazi, akatoa mikono mfukoni akanionyesha. Ilikuwa ikitetemeka.

"Wewe ulifikiri humu mfukoni kuna omena tu?" Alicheka mpaka akakohoa. "Mbwa hana shida na woga wako, mwandishi. Shida ni ile kelele na fimbo unaleta kuuficha."

Nimekuwa nikiyawaza hayo nikitembea mjini. Kuta zinapanda, vipande vya chupa vimepangwa juu. Kuna mama muuza ndizi za matoke kutoka ng'ambo ya mpaka, aliyezoea kukata njia katikati ya boma zetu akisalimia watu, siku hizi anaita akiwa barabarani. Nawajua pia akina baba wanaolea watoto wao kama tulivyomlea yule mbwa, wafungiwe na watiwe pilipili, kisha wanashangaa nyumba imejaa meno. Sisemi wezi hawapo. Pikipiki yangu haijarudi. Nasema tu kwamba wengi wetu tunatisha kwa sababu tumetishika, na hilo linanitia hofu kuliko mwizi.

Asubuhi ile ya simu nilichukua fimbo kwanza. Nikafika kibandani, nikaiegemeza ukutani. Nilisema "kaa" na sauti ikakatika. Nikasema tena, taratibu. Kukwaruza kukakoma. Nilifungua komeo kwa mkono unaotetemeka hata sufuria ikamwagika kidogo, na mbwa alikuwa amekaa, ananitazama. Hakula mara moja. Alinipita akaenda kulala langoni, mahali alipozoea kumngoja mzee, na hapo ndipo nilipolia.

Kesho tunamzika mzee kwao Namboboto. Mke wangu ameniuliza nani atamfungulia mbwa kabla hatujaondoka. Bado naogopa, nimemwambia, lakini nitamfungulia mimi.