Nilivyomsamehe Mama Mkwe Bure

Nichekeni tu, maana mke wangu hajaacha. Ushirika wetu wa wafuga nyuki hutunza kumbukumbu za asali kwenye blokcheni, yaani kompyuta kadhaa zinazohakikiana zenyewe kwa zenyewe. Msimamizi wake ni mimi. Moja iko kwangu Chemchem, nyingine niliiweka Kigwa, sebuleni kwa mama mkwe.

Jumamosi nikiwa sokoni, simu ikaniarifu kwamba kompyuta moja imetoka mtandaoni. Ipi, sikusoma. Nyumbani kwa fundi kama mimi paharibike kitu? Nikapanda gari la Kigwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona ghafla?"

Nikamweleza, kwa adabu lakini kwa uso wa hakimu, kwamba huenda aliichomoa alipokuwa akifagia. Maskini, alikuwa ameifunika kitenge chake kipya isiingie vumbi. Hata sikukifunua.

"Nisamehe, baba. Labda niliigusa. Uzee huu!"

Nikamsamehe. Ndiyo, nilimsamehe! Nikala na karanga zake, kisha nikampigia mke wangu, nikaweka spika ili mama asikie ninavyomtetea.

"Usimlaumu mama," nikasema. "Ni bahati mbaya tu."

"Mama kafanya nini? Iliyozima ni hii ya hapa. Uliichomoa asubuhi ukapiga pasi shati lako, ukaondoka."

Nikainamisha kichwa. Mama mkwe akanitazama kifuani, kwenye mikono, hadi kwenye kola.

"Lakini limenyooka, baba," akasema kwa upole. "Limenyooka kwelikweli."