Terere ya Bustani ya Kichina

Nikikaanga terere hapa ugenini, mtaani Fereej Bin Mahmoud, harufu yake hunirudisha kwenye daraja jekundu la bustani ya Kichina.

Ilikuwa Ijumaa, siku ya mama kupumzika. Tulikuja tena kutazama samaki wa rangi na kukaa kwenye kivuli cha mianzi. Lakini mama aliona terere imejiotea kando ya bwawa, mboga ya kwetu kabisa, na mikono yake ikasahau kwamba tuko ugenini. Alichuma mpaka mkoba ukafura.

"Mama, soja anakuja."

"Tembea tu. Usigeuke."

Nilishasikia watu wazima wakinong'ona kuhusu wenzao waliorudishwa nyumbani kwa kosa dogo. Filimbi ikalia. Soja, mlinzi wa bustani, alitufikia akihema, akatazama majani yaliyochungulia mkobani, kisha akasema kwa Kiswahili cha Nairobi:

"Mathe, hiyo msikule. Hapa hupigwa dawa kila wiki."

Mama alimshukuru, akaimwaga yote pipani. Hakumwambia kwamba Ijumaa iliyopita pia tulichuma, tukala na ugali.

Kwenye teksi, kila tuliposimama kwenye taa nyekundu, alinigusa paji la uso.